Asiyekataa Amebaki

Siku ile pale getini kiwandani tulikuwa hawa. Mimi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye aliyetuongoza. Binti yangu wa kwanza, aliyeolewa Guta, huko Bunda, alifika asubuhi na kiroba cha viazi vitamu kama vile tunakwenda msibani. Mke wa nyumba yangu, ambaye kwa ajili yake ndiyo tulikuwa pale. Mama mmoja, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Yeye si ndugu yetu, ila babu yake na babu yangu walichungaga ng'ombe pamoja, tulikuja kulijua hilo baadaye. Na mlinzi wa geti, ambaye hakuwa wa mtu yeyote kati yetu. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mlinzi na la baba yake, maana nilimuuliza. Lakini sitayaandika. Wote wako hai, na jambo lenyewe halijaisha.

Nimesema mke wa nyumba yangu, na watu wa mbali wataniuliza. Kwetu huku Mara, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Watoto atakaowazaa msichana yule ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la mwenye mji. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi nilizaa mabinti watupu, wakaolewa, ng'ombe wao wakaja zizini. Mume wangu alipofariki nikatoa ng'ombe hao hao nikaoa. Msichana nilimtoa upande wa Buhemba. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu, na ng'ombe wangu aliwauza akaingiza fedha kwenye shimo, na shimo likameza. Yeye ananiita mama. Mimi namwita mwanangu, nikikasirika namwita mkwe. Amenizalia watoto wawili, wa kike na wa kiume, na ukoo wote unawajua ni wajukuu wa mji ule.

Miaka michache iliyopita alipata kazi Musoma, kwenye kiwanda cha samaki. Kazi yake ni kuchuna minofu ya sangara. Alipanga chumba Mwisenge, na kila Jumamosi akitoka zamu anakujaga nyumbani Butiama. Watoto nabaki nao mimi. Mwanzo alikuwa kibarua, anaitwa leo, kesho haitwi. Baadaye akapewa ajira, akajiunga na chama.

Jumamosi moja alikuja, akavua viatu, akachukua kisu, tukakaa kumenya muhogo. Akasema, "Mama, tumeingizwa kwenye mfuko."

"Mfuko gani?"

"Wa uzeeni."

"Si mlikuwa nao?"

"Ule wa sheria upo palepale. Huu ni wa juu yake. Chama kimekaa na mwenye kiwanda, wamekubaliana kwenye mkataba wa hali bora. Mimi nikikatwa, na yeye anaweka kiasi kile kile nilichokatwa. Nisipokuwemo, haweki."

"Na wewe uliomba?"

"Hakuna aliyeomba. Kila mwenye ajira ameingizwa. Asiyetaka anakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa tawi anasema sitaki. Tumepewa mwezi. Mwezi ukiisha hujasema kitu, umebaki."

"Hata kama hujasema ndiyo?"

"Hata kama hujasema ndiyo."

Nikacheka. Nikamwambia, basi hao wamejifunza kwetu. Mimi siku ya kuposwa nililetwa mlangoni, wazee wamekaa na chungu chao cha pombe, mmoja akasema kama binti ana neno aseme. Nani aseme mbele ya baba yake? Nikaangalia miguu yangu. Wakasema, haya, amekubali, wakaendelea kunywa.

Yeye hakucheka. Aligeuza muhogo mkononi, akakata kile kinyuzi cha katikati. Akasema, "Lakini mama, kule wametupa mwezi mzima wa kukataa."

"Na hapa tulikupa nini?"

"Mama, menya muhogo. Maji yamechemka."

Neno lile likanikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Sikumwonyesha. Mimi sijawahi kuingizwa kwenye mfuko wowote. Nimelima, nimeuza dagaa sokoni, hakuna aliyenikatia wala kuniwekea. Akiba yangu ya uzeeni ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe nilimtolea yeye. Kwa hiyo akiba yangu ni yeye. Sasa akiwa na uzee wake mwenyewe unaomngojea Musoma, mimi atanihitajia nini? Hilo ndilo nililokuwa naliwaza huku namenya.

Lakini nilikuwa namjua pia baba yake. Mzee yule bado yupo. Kifua chake kilijaa vumbi la mawe, akipumua unasikia filimbi. Anapitaga kwetu akiwa anakwenda zahanati, anakaa kizingitini, anaomba chumvi. Tunampa chumvi na kitu cha kuweka chumvi hiyo. Siku moja alipoondoka binti yake alimtazama mpaka alipoishia njiani, akaniambia, "Mimi sitaki mwanangu aje anipimie chumvi." Kwa hiyo nilijua, bila kuambiwa, kwamba mfuko ule anautaka.

Shemeji alipata habari kwa jirani yetu ambaye binti yake yupo kiwanda hicho hicho. Alikuja Jumapili, ametoka misa, koti lake bado limefungwa vifungo. Akakaa barazani. Mke wa nyumba yangu akaingia jikoni, maana kwetu mkwe hakai mbele ya baba mkwe wala hamjibu, na shemeji kwa kuwa ni mkubwa wa mume wangu ndiye baba mkwe wake. Akitaka kumwambia kitu ananiambia mimi kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Na yeye akitaka kujibu ananiambia mimi, natoka nalo nje. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona shida.

"Shemeji," akaanza, "nasikia mke wa nyumba hii ameolewa mara ya pili."

"Ameolewa na nani?"

"Na chama cha wafanyakazi. Wamemchukua bila kuleta hata mbuzi."

"Wamemwekea akiba, shemeji."

"Nani aliwaomba? Mtu anakuta mshahara umemegwa, anaambiwa tumekupenda, nyamaza. Na wewe unafurahi. Nikuulize. Mwanamke mwenye uzee wake mfukoni, nyumba anaitafutia nini?"

"Watoto wake wapo hapa."

"Watoto wana miguu."

Alikuwa ameligusa lile lile nililokuwa naliogopa. Akaona. Shemeji ni mtu anayeona. Akavuta kigoda karibu, lakini sauti hakuipunguza.

"Kiwanja hiki ni cha baba yangu. Ulipooa nilinyamaza, nikasema sawa, nyumba ya mdogo wangu itasimama. Sasa sikiliza, na asikie anayesikia. Asipojitoa kwenye kitu hicho, mimi nyumba hii siitambui. Siku ukifumba macho kiwanja kinarudi kwetu. Na wale watoto wakatafute kwao huko mashimoni."

Jikoni mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Ukaacha kugonga.

Niliingia. Alikuwa amechuchumaa, moshi umemzunguka, hanitazami. Akasema taratibu, "Mwambie baba nitajitoa."

"Umefikiri?"

"Watoto wangu si wa mashimoni. Mwambie."

Nikatoka nikamwambia shemeji. Hapo angeinuka akaenda zake mambo yangeisha, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Neno alikuwa ameshalipata. Lakini akakuna kidevu, akasema, "Mimi siamini neno linalopita kwenye moshi. Siku ya mwisho ni lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa nitakwenda Musoma. Nataka niwepo nimwone kwa macho yangu, aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Na wewe utakuja, wewe ndiye mwenye mke. Mwite na binti yako wa Guta awe shahidi."

Nikamwambia, "Shemeji, mbele yako atasemaje?"

"Atasema," akasema. "Kwani amepewa mikono ya kuchunia samaki tu, ulimi hana?"

Ijumaa tukawa getini mapema mchana. Korongo walikuwa wamesimama juu ya ukuta wanangoja matumbo ya samaki, na sisi chini tunangoja mwenyekiti. Mashine ya barafu ilikuwa inaunguruma ndani bila kupumzika. Binti yangu alikaa juu ya kiroba chake cha viazi, akaninong'oneza, "Mama, hili jambo liishe tu. Huyu akiondoka nani atakulea? Mimi nina wazee wangu wengine kule Guta, na mmoja hajui hata kunawa." Nikamwambia anyamaze. Akasema amenyamaza, akaendelea.

Mwenyekiti akaja na funguo mkononi. Mama mnene, mpole wa macho, kanga amejifunga juu ya koti la kazi. Akatusalimia mmoja mmoja. Shemeji hakuzunguka.

"Tumekuja kumtoa mtu wetu kwenye mfuko."

"Karibu mzee. Mtu wenu ana miguu?"

"Anayo."

"Na kinywa?"

"Anacho."

"Basi atakuja mwenyewe. Hapa hakuna anayemtoa mtu. Mimi simtoi. Msimamizi wake hamtoi. Mwenye kiwanda mwenyewe hamtoi. Zamani kulikuwa na utaratibu wa kuomba kuingia, na wasimamizi walikuwaga wanapita kwenye meza wanawaambia watu, wa nini huo, leo utakula nini. Watu hawaombi. Wanazeeka, wanaondoka na mabuti yao tu. Ndiyo maana tukabishana mpaka tukakubaliana kila mtu aingie kwanza, na wa kutoka atoke kwa kinywa chake."

"Mimi si msimamizi. Mimi ni baba mkwe wake."

"Baba mkwe hayumo kwenye mkataba, mzee wangu."

Binti yangu akajiziba mdomo kwa kanga. Shemeji akageuka, akanionyesha mimi kwa fimbo. "Na mume je? Mume wake huyu hapa."

Mlinzi akanitazama kuanzia ndara mpaka kilemba. Mwenyekiti hakushangaa, ni mtu wa huku. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mume," akasema. "Samahani. Na mume pia hamtoi. Nitamwita mwenyewe. Ila ofisi nafunga saa kumi, na leo ikifungwa ndiyo imefungwa."

Akaletwa. Sikuwahi kumwona akiwa kazini. Koti jeupe, kofia ya kuficha nywele, mabuti mpaka magotini, na vidole vimekuwa vyeupe kwa barafu kama vidole vya mtu aliyelowekwa. Alikuwa anakuja haraka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilijua ameamua nini. Alikuwa ameahidi.

Halafu akamwona shemeji.

Akasimama. Akainamisha macho. Akasogea pembeni hatua kwa hatua mpaka mimi nikawa katikati yao, kama anavyofanyaga nyumbani akikutana naye njiani.

Mwenyekiti akamwambia, "Mwenzangu, watu wako wanasema umekuja kujitoa. Ni haki yako. Ila ujue, ukijitoa mwenye kiwanda anaacha kuweka sehemu yake, na kurudi ni mpaka mwakani tutakapofungua tena. Unajitoa?"

Kimya.

"Sema," shemeji akasema.

Kimya. Anaangalia mabuti.

"Shemeji, mwambie aseme. Aliahidi."

Nikamsogelea shemeji, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Rudi nyuma kidogo. Nenda pale kwenye kona ya ukuta, usionekane. Atasema." Na angesema, nawaambieni ukweli. Angesema, tungerudi nyumbani na sehemu ya mwenye kiwanda imepotea. Lakini shemeji akakita fimbo chini.

"Siendi. Nimekuja kuona kwa macho yangu, nitaona kwa macho yangu."

Basi akabaki pale, na kwa kubaki kwake akamfunga mkwe wake kinywa. Mwenyekiti akatazama simu yake. Nikaona shemeji naye ameanza kuelewa kwamba muda unakwenda, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akanigeukia.

"Wewe ndiye wa kumuuliza. Mwambie, baba anasema jitoe. Akutikisie kichwa, inatosha."

Mwenyekiti akasema kutikisa kichwa hakutoshi, lakini akitamka hata kwa kuninong'oneza mimi, yeye ataandika.

Kwa hiyo neno likawa kwangu. Wote wananiangalia. Binti yangu anavuta kanga yangu, "Mama, mwambie ajitoe, twende." Nikafikiri kiwanja. Nikafikiri wajukuu wakifukuzwa na vigodoro vyao. Nikafikiri pia mimi mwenyewe, kitandani sijiwezi, na mlango haufunguliwi na mtu. Vyote vilikuwa vinaniambia nimwambie maneno ya shemeji kama yalivyo, kazi yangu siku zote ilikuwa kuyabeba tu. Nikatazama vile vidole vyake.

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe unataka nini?"

"Sikukutuma hivyo," shemeji akasema.

"Ndivyo nilivyouliza."

Alininyanyulia macho kidogo, akayashusha. Mashine ya barafu inaunguruma. Korongo mmoja akaruka ukutani, akarudi. Tulisimama hivyo mpaka mlinzi akaacha kutafuna muwa wake.

Mwenyekiti akasema, "Saa kumi. Nafunga."

"Hajasema bado," shemeji akasema.

"Mzee, asiyekataa amebaki. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Hiyo ni sheria ya wezi."

Mwenyekiti akaondoka na funguo zake. Mimi nilikuwa naijua sheria ile, nimeolewa kwayo. Mke wa nyumba yangu akapiga goti kwa heshima, akageuka, akarudi ndani kwenye samaki wake. Shemeji akaondoka bila kutuaga. Binti yangu aliinua kiroba chake, akasema, "Viazi sasa nampa nani?" Tukampa mlinzi nusu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba namngojea, lakini nilifagia uwanja mara mbili, na mjukuu wangu wa kike akaniuliza kwani kuna mgeni. Saa yake ya kufika ikapita. Magari ya Musoma yakapita. Nikasema moyoni, haya, ndiyo yenyewe. Mwenye uzee wake mfukoni.

Akaja jua limeshainama, amebeba vichwa vya sangara kwenye ndoo. "Zamu ilisogea," akasema. Akavua viatu. Akachukua kisu.

Tulipokuwa tunapaa magamba akasema, "Wameniuliza nikifa kitu changu apewe nani. Nimewataja watoto. Na wewe."

"Mimi nitatangulia, mwanangu."

"Najua. Nimekutaja hata hivyo."

"Umewaambia mimi ni nani wako? Maana mlinzi alinikodolea macho kama nyani."

"Nimewaambia mama," akasema. Nikakumbuka nilikuwa nataka kumuuliza jambo moja la siku ile, nikaliacha.

Sasa ndilo linalotusumbua. Shemeji ameitisha kikao cha ukoo. Anawaambia wazee kwamba mkwe alimjibu kwa kinywa, mbele ya watu, kwamba alisema nabaki. Kwetu mkwe akimkatalia baba mkwe kwa kinywa ni kosa kubwa, nyumba inaweza kuvunjwa na kiwanja kikachukuliwa. Lakini kama alinyamaza, hana kosa lolote. Alikaa kama alivyofundishwa na mama yake, na waliombakiza kwenye mfuko ni chama na mkataba wao, si yeye. Binti yangu wa Guta anasema aliona midomo inacheza nilipomuuliza. Mwenyekiti anasema hakusikia kitu, na angesikia angeandika. Mlinzi alikuwa na muwa mdomoni. Mwanangu mwenyewe sijamuuliza mpaka leo, na sitamuuliza, maana nikiulizwa kikaoni sitaki niwe na cha kuficha.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na ninavyokumbuka alinyamaza mwanzo mpaka mwisho. Ndivyo nitakavyosema mbele ya wazee. Masikio yangu si yale ya zamani, na mashine ile ina kelele. Kwa hiyo kama ulikuwepo pale getini Ijumaa ile, au umesimuliwa na aliyekuwepo, na unakumbuka vingine, njoo unisahihishe, sitakasirika. Ila pitia kwangu kwanza, kabla hujafika kwa shemeji.